Baba Sayo Hakukwepa

Boti ya Kigoma ilimshusha mgeni mmoja katika mji wa Baraka, upande wa Kongo, asubuhi, pamoja na magunia ya unga, jenereta moja na mama mwenye kuku. Alikuwa mzee mfupi mwenye mgongo mpana, na kifuani amekumbatia sanduku dogo lililofungwa kitambaa cheupe. Vijana wa bandarini wakaanza hapohapo: "Muchina, we Muchina, unatafuta dhahabu? Kuja nikuonyeshe." Yeye akamwinamia kila mmoja kichwa, hata yule aliyekuwa anamcheka. Hapo nikajua si Mchina.

Nilikuwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nashona nyavu za watu. Kazi nimefanya nyingi, na mojawapo ilikuwa jikoni kwenye meli ya Wajapani waliovua jodari, kutoka Dar mpaka Durban, zamani hizo. Kijapani changu ni cha jikoni na cha kamba: kata, vuta, chumvi, haraka, samahani, umeumia wapi. Maneno ya msiba sikuwa nayo. Nikamwambia hivyohivyo: samahani, mzee, umetoka wapi? Akasimama kama mtu aliyesikia jina lake porini.

Aliitwa Minamide. Alisema amekuja kumchukua binti yake, Sayo, ampeleke kwao.

Sayo nani hakumjua? Madame Sayo, akusheze, yaani mkunga, wa Lweba. Alikuja na shirika moja la kwao, shirika likaondoka, yeye akabaki. Alikaa miaka katika parsele, kiwanja cha nyumba, ya Mama Florentine, anakula sombe ya majani ya mihogo kwa mkono, anagombana na wauza sokoni kwa Kibembe. Wanawake wa Lweba na wale Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda walizaa mikononi mwake, na nusu ya wasichana wadogo kule wanaitwa Sayo. Sasa mvua mbili zilikuwa zimepita tangu afe.

"Nataka mifupa," mzee akasema. "Mama yake amelala peke yake. Kwetu mtu anawekwa na watu wake. Vita ilifunga njia, halafu mimi nikalazwa. Sasa nimefika."

Nikamwambia kuna jambo. Sayo hayuko peke yake mule kaburini.

Ilikuwa hivi. Iteka, binti wa Mama Nibizi wa kambini, alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amelala vibaya tumboni. Barabara ya kuja hospitali ya Baraka siku zile ilikuwa na bunduki, basi Sayo akampandisha kwenye mtumbwi wa injini na akapanda naye. Upepo ukawakuta katikati. Dany, mume wa Iteka, mvuvi wa ndagala, ndiye aliyewavuta majini. Aliwakuta wameshikana. Mikono ya Sayo ilikuwa imemzunguka mwenzake, imekauka hivyohivyo, na hakuna aliyetaka kuivunja. Milimani milio ya bunduki ilikuwa inasikika, watu wanafunga mizigo ya kukimbia. Wakachimba shimo moja, wakawalaza humo watatu: Sayo, Iteka, na mtoto ambaye hakutoka.

Nilimweleza Minamide hayo kwa maneno niliyokuwa nayo. Mengine nilimweleza kwa mikono. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto halisikii.

"Kwa hiyo ni nani nimwombe?" akauliza.

"Mama Nibizi," nikasema. "Akisema hapana, hakuna jembe litakaloshuka pale."

Kesho yake tulikwenda Lweba kwa pikipiki mbili. Habari ilikuwa imetutangulia, kama kawaida. Mama Florentine alikuwa amefagia parsele, ametandika mikeka, na wanawake walikuwa wamekaa wengi, miguu imenyooshwa, vitenge mabegani. Walikuwa wamejitayarisha kulia. Kwetu mzazi aliyekosa mazishi akifika, kilio kinafunguliwa upya kwa ajili yake, hata kama ni miaka. Wanamngoja yeye atoe sauti ya kwanza, halafu wote wanamfuata.

Mama Nibizi alikuwa amekaa mbele. Mwanamke mrefu, mkavu, mkulima wa mihogo kwenye shamba la kukodi. Warundi nao wana desturi yao: miezi ikipita baada ya kuzika, familia inakutana, wanakunywa, wanasema maneno ya mwisho, msiba unafungwa, na watu wanarudi kwenye maisha. Yeye hakuwa amefunga. Kaburi lina watu wa nyumba mbili, na nyumba moja haijafika, angefungaje nusu? Kwa mvua mbili hakusuka nywele, hakwenda arusini, hakucheza hata kanisani.

"Karibu, Baba Sayo," akamwambia. "Tulikungojea."

Nikatafsiri. Minamide akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo muda mrefu. Wanawake wakavuta pumzi, wakangoja. Akainuka. Uso mkavu. Akauliza kama anaweza kuona mahali.

Mahali penyewe ni juu kidogo ya ziwa, nyuma ya mashamba ya mihogo. Tukaenda wote. Alisimama mbele ya lile tuta refu lenye misalaba miwili ya mbao, akaomba ufagio, akafagia majani polepole, akang'oa magugu kwa mkono. Hapo watu walimpenda. Mama Florentine akaninong'oneza, "Iko na heshima, ile muzee." Halafu mzee akamwomba kijana mmoja bidon, dumu la maji. Nikadhani ana kiu. Akaifungua, akaanza kumimina maji juu ya kaburi, kidogo kidogo, toka kichwani kwenda miguuni.

Wanawake waliokuwa mbele wakarudi nyuma.

"Maji?" Mama Nibizi akasema. "Maji tena?"

Dany akaruka, akamnyang'anya bidon, maji yakamwagikia viatu vyao wote wawili. Akanigeukia: "Papa Guy, muambie huyu muntu. Mi niliwatoa mu maji na hii mikono. Anawarudisha mu maji kwa nini?"

Nilijua ni desturi ya kwao. Mabaharia walinisimulia kwamba makaburi yao wanayaosha, kama unavyomwosha mgeni miguu. Nikaeleza. Lakini yalikuwa yamekwisha kumwagika, udongo umekunywa, na kila mtu alikuwa anaangalia lile doa jeusi. Minamide alielewa kosa lake kabla sijamaliza kumweleza. Akainama, akainama tena. Kulia hakulia.

Jérémie, kaka yake Florentine, mzee wa kanisa, akatusogeza pembeni. "Mi nitasema yenye wote wanawaza. Mutoto amekufa, baba anakawia mvua mbili. Anafika, anaangalia kaburi kama muntu anaangalia shamba ya jirani. Anatia maji kwa mutoto mwenye maji iliua. Na sasa anataka mifupa. Mifupa ya kufanya nini? Hapa kwetu muzazi wa namna ile tunamuogopaka."

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Sijasema kitu. Nimesema tunamuogopaka."

Mama Nibizi alikuwa amesikia. Akaja mpaka mbele ya Minamide, akamtazama machoni, na alikuwa mrefu kumzidi. "Papa Guy, geuza maneno yangu yote, usiache hata moja. Mutoto wangu iko humu ndani pamoja na wake, na mujukuu wangu. Sitafungua kaburi ya mutoto wangu juu ya muntu mwenye macho makavu. Siku nitamuona analia, nitasema ndiyo. Kama haliake, arudi kwao na sanduku yake."

Niligeuza yote. Minamide akasema, "Ameelewa vizuri kabisa. Ana haki." Halafu akasema neno jingine, taratibu, ambalo nililijua tangu melini, wakati winchi imekwama na samaki yuko chini: "Haitoki."

Tulirudi parsele. Jua lilikuwa bado juu, na Mama Florentine hakuweza kumwacha mgeni bila chakula, hata mgeni wa namna ile. Akaleta bukari, ugali wa mihogo, na samaki, akaweka katikati beseni la machungwa mabichi aliyokuwa amechuma. Watu hawakuondoka. Hakuna anayeondoka mahali ambapo jambo halijaisha.

"Muulize," Mama Florentine akasema, "alikuwa anafanyaka kazi gani kwao. Sayo alisemaka tu kama baba yake ni muchezaji."

Nikamwuliza. Akasema ni kweli, mchezaji wa besiboli, wa kulipwa, katika timu kubwa, uwanja wenye taa.

Mama Florentine akaitazama miguu yake mifupi. "Mupira? Na hii miguu?"

Wanawake wawili watatu wakacheka, mkono mdomoni. Nikasema si mpira wa miguu. Nikavua ndala zangu, nikaazima mbili nyingine, nikazipanga chini pembe nne. Mmoja anarusha mpira mdogo, nikasema. Mwingine amesimama hapa na fimbo, anaupiga, halafu anakimbia kutoka ndala hii mpaka hii, mpaka hii. Akizunguka zote na kurudi alipotoka, timu imepata moja.

"Na yeye alikuwa anapiga sana?" Jérémie akauliza.

"Hapana. Alikuwa anapigwa."

Wakanitazama. Ikabidi nimwulize Minamide mwenyewe, kwa sababu melini nilisikia ule mchezo redioni tu, huku nachambua mchele. Akaeleza, nami nikageuza, na pale nilipokwama alisimama akaonyesha. Mpira ukimgonga mwilini mtu mwenye fimbo, basi anapewa ile ndala ya kwanza. Hakimbii. Anatembea tu anakwenda kusimama pale, na hakuna wa kumzuia.

"Bure?" Mama Nibizi akauliza.

"Bure."

"Kwa sababu amepigwa?"

"Ndiyo, Mama Iteka. Kwa sababu amepigwa."

Akafikiri. "Mi nilipigwa kule Burundi, nikapigwa mu njia, nikapigwa hapa. Sijaona muntu ananiambia: mama, sogea mbele kidogo."

Hapo walicheka wote, hata Jérémie, kicheko kile cha matanga ambacho kinatoka kikiwa na maji ndani yake. Minamide akaniuliza amesema nini. Nikamgeuzia. Hakucheka. Alimwinamia.

Kisha nikawaambia lile aliloniambia njiani, kwamba katika nchi yake nzima, tangu mchezo huo uanze kuchezwa kwa mshahara, hakuna mtu aliyegongwa na mpira mara nyingi kama yeye. Imeandikwa. Wengine wana rekodi ya kupiga mbali, wengine ya kukimbia. Yake ni hiyo.

"Juu ya nini hakukwepa?" Mama Florentine akasema. "Alikuwa mugonjwa wa macho? Ama kukwepa kunakatazwa?"

Swali hilo lilimkalisha Minamide chini. Akanywa maji, akaweka kikombe, na akasema kwa muda mrefu bila kunisubiri, ikabidi nimshike mkono nimpunguze.

Alisema alizaliwa katika mji mdogo wa bandari, kwa watu wanaokausha samaki juani. Alikuwa mfupi, mikono haina nguvu, lakini mchezo aliupenda kuliko chakula. Timu ilimchukua kwa huruma na baada ya muda ikataka kumrudisha. Kocha akamwambia: kupiga mpira huwezi, sasa tafuta njia nyingine ya kufika ile nafasi ya kwanza, au urudi kwa samaki wa baba yako. Akatafuta. Akaanza kusimama karibu kabisa na njia ya mpira, karibu kuliko wengine walivyothubutu. Kujirusha kwenye mpira huruhusiwi, mwamuzi atakataa. Kukwepa unaruhusiwa, na kila mwenye akili anakwepa. Yeye kazi yake ilikuwa kutosogea. Mpira ukija ndani, unavuta pumzi, unageuza bega kidogo, unaupokea penye nyama. Kama huna bahati, unaupokea penye mfupa.

Na kulikuwa na jambo jingine, alilofundishwa na wakubwa wake. Ukishagongwa, usijisugue. Ukijisugua, yule mrushaji anajua panapouma, na kesho atarusha palepale. Unaweka fimbo chini taratibu, unatembea.

Aliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini. Mbavu, kifundo cha mkono, taya mara moja, na sikio lile. Siku alipompita kwa hesabu ya kugongwa yule aliyekuwa na rekodi kabla yake, mchezo ulisimamishwa, msichana akamletea maua, naye akabaki amesimama kwenye nafasi ya kwanza na maua mkononi, hajui ayaweke wapi. Uwanja mzima ulipiga makofi huku unacheka. Naye alicheka. Yule mrushaji aliyemgonga alikuwa kijana mgeni. Jioni alimfuata na chupa ya pombe, akalia kwa aibu, ikabidi yeye ambembeleze.

"Na nyumbani?" Mama Florentine akauliza. "Bibi yake alisemaka nini?"

Mke wake alikuwa hasemi. Alimvua shati, akamwekea vitambaa vya baridi. Sayo alikuwa mdogo, bado hajaanza shule. Alikuja na kiganja chake, akakiweka juu ya kila doa la bluu, akauliza: hili lina moto? Na hili?

Nilipogeuza hayo, Mama Florentine aliacha kutafuna. Akawageukia wenzake. "Njo vile alikuwa anatuulizaka. Munakumbuka? Ku tumbo. Anaweka mukono, anauliza, hapa iko moto? Na hapa?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mi aliniuliza vile na mimba ya Espérance wangu." Mwingine akasema naye.

Mama Nibizi peke yake hakuwa ameridhika. "Bibi yake alikufa siku gani? Na siku ile alilia?"

Sikutaka kugeuza swali hilo. Akanitazama mpaka nikaligeuza.

Minamide akajibu bila kubadilisha sauti. Mke alikuwa hospitalini, yeye yuko mji mwingine na timu. Simu ilikuja kabla ya mchezo: amekwisha. Wakamwambia avue jezi, apande treni. Akasema atacheza kwanza. Siku hiyo pia aligongwa, mgongoni, akatembea mpaka nafasi ya kwanza. Kesho gazeti likaandika kwamba huyu ni mtu wa chuma, wala chozi hakutoa. Sayo alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyesimama peke yake kupokea watu mlangoni.

"Nililisoma lile gazeti," akasema, "na nikaliamini. Tangu hapo haitoki. Si kwamba haimo. Haitoki."

Jérémie akatikisa kichwa. "Maneno mazuri. Lakini ni maneno. Muntu anaweza kusema kila kitu, na sisi tunasikia tu yenye Papa Guy anageuza."

"Unaniita mwongo, Jérémie?"

"Nakuita muzee mwenye alikulaka samaki yao."

Kijana mmoja akauliza mpira wenyewe ni mkubwa kiasi gani. Minamide akaona anachoulizwa, akanyoosha kidole kwenye beseni: kama chungwa lile, bichi. Lakini zito kidogo, na gumu kama jiwe.

Dany alikuwa amesimama muda wote karibu na jiko, hajala, hajasema. Nilimwona anachukua chungwa, nikadhani anataka kulimenya. Ni mvuvi, mkono wake unavuta nyavu kila siku ya Mungu.

"Basi tuone," akasema.

Alirusha kwa nguvu zake zote, kutoka pale mpaka hapa, hatua chache tu. Minamide alimwona. Hilo naliapia, alikuwa anamtazama usoni. Nafasi ya kuinama alikuwa nayo. Aligeuza bega kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na chungwa likampiga mbavuni. Tulisikia mlio wake, mlio wa gunia linaloanguka.

Wanawake wakainuka. Jérémie akamkamata Dany mkono. Mzee hakujishika ubavu. Alisimama kitambo mikono ikiwa chini. Kisha akaanza kutembea, polepole, akapita katikati ya mikeka, watu wakimpisha, mpaka pembeni kabisa ya parsele, kwenye ua wa matete, mahali ambapo hapana kitu chochote. Hapo akasimama, akageuka, akatutazama. Alikuwa anangoja. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka kama wa mtu mwenye baridi, na macho makavu kama yalivyokuwa asubuhi. Alikaa amesimama pale, mzee mzima katika parsele ya watu, akingoja mtu amwambie asogee mbele.

Aliyelia alikuwa Dany. Alichuchumaa palepale jikoni, mikono kichwani, sauti ikatoka kama ya mtoto, na wanawake ambao walikuwa wamengoja toka asubuhi wakamfuata. Kilio kikafunguka. Majirani wakaja wakikimbia.

Mama Nibizi hakulia. Alivuka parsele mpaka kwenye ua, akamshika Minamide kiwiko, akamrudisha kwenye mkeka, akamkalisha. Halafu akasema bila kuinua sauti, "Kesho asubuhi mulete majembe."

"Mama Iteka," Jérémie akasema, "hakulia. We mwenyewe ulisema."

"We ulikuwa unaangalia macho."

Tulifungua kaburi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mihogo. Shefu wa lokalite, mkuu wa kijiji, alikuja, akasimama mbali. Walichimba Dany na vijana wawili, na mwishoni Dany peke yake, kwa mikono. Udongo wa kule una mchanga, haukai na kitu muda mrefu. Alipoifikia mifupa, akaniita kwa jina.

Nilitazama. Sitaeleza sana. Mkeka ulikuwa umekwisha, nguo zimekwisha, na wale wawili walikuwa wameingiana, mbavu za huyu ndani ya mikono ya yule, na katikati kulikuwa na vifupa vyembamba kama vya ndege. Huwezi kusema hii ni ya nani.

"Siwezi kujua," Dany akasema. "Papa Guy, muambie siwezi kujua."

Minamide akashuka mwenyewe. Alipiga magoti, akatazama muda mrefu, mkono wake mmoja ukiwa hewani juu yao, haushuki. Halafu akafungua lile sanduku, akatoa vijiti viwili virefu, kimoja cha mwanzi, kingine cha mti. Akaniambia: kwao mfupa hauokotwi na mtu mmoja. Wanaokota wawili, watu wa marehemu, pamoja, ili asiondoke akiwa ameshikwa na mkono mmoja tu. Yeye hana mtu mwingine. Akainua uso kwa Mama Nibizi.

Nikamgeuzia. Nilidhani atakataa. Alifunga kitenge chake vizuri, akampa Florentine viatu, akashuka.

Minamide alimfundisha kushika. Mikono yake ya jembe haikuzoea, kijiti kikaanguka, akakiokota, akakifuta. Mfupa ambao kwao unatafutwa ni mmoja wa shingoni, karibu na kichwa; wanasema ukiutazama vizuri unafanana na mtu aliyekaa anasali. Ilikuwako miwili. Minamide aliiona yote miwili, na Mama Nibizi aliiona, na kila mmoja alimwona mwenzake anaiona. Mzee akasubiri. Ndiye Mama Nibizi aliyepeleka kijiti chake kwanza, kwa ule wa karibu na mtoto, na Minamide akaleta chake. Wakauinua pamoja, polepole, mpaka sandukuni.

"Na kama ni ya Iteka?" Dany akauliza.

"Nyamaza, Dany," Mama Nibizi akasema.

Wakafukia. Mchana ule Mama Nibizi alifunga matanga. Alileta pombe ya ndizi kutoka kambini, wakanywa kwa mrija mmoja, yeye na Baba Sayo, akasema maneno ya mwisho kwa Kirundi, na jioni Florentine akaanza kumsuka.

Boti ya kurudi Kigoma iliondoka Baraka siku ya soko. Nilikuwa namsaidia Minamide kupanda wakati pikipiki ilipofika na Mama Nibizi amekaa nyuma, kichwa chake kimesukwa upya, mistari imenyooka. Alikuja moja kwa moja majini, akasimama maji yakimfika kwenye magoti, mkono juu ya ukingo wa boti. Tangu siku ya ule mtumbwi, Florentine aliniambia, alikuwa haingii ziwani hata kuosha vyombo.

"Papa Guy, muulize mama yake Sayo anaitwa nani."

Nikamwuliza. "Chiyo," mzee akasema.

"Chiyo," Mama Nibizi akasema. Akarudia mara kadhaa mpaka likakaa mdomoni. "Muambie amuambie Mama Chiyo. Kama amemuletea wangu, asishituke. Ni mutoto mwenye heshima. Lakini anapendaka kulala upande wa ukuta. Ukimuweka upande wa mulango, halalake usingizi."

Injini ilikuwa imewashwa, watu wanasukumana na mizigo. Nilimsogelea Minamide kwenye sikio linalosikia, nikamgeuzia yote. Kulala ninalo, ukuta ninalo, mlango ninalo. Hayo ni maneno ya melini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimwulize, ukuta ukiwa wa kulia, au wa kushoto.

Mama Nibizi akafikiri kidogo, akanyoosha mkono hewani kama mtu anayekikumbuka chumba.

"Wa kulia," akasema.